Keisi ndogo ya kompyuta: kabla ya kununua, uliza raiza

Wasomaji wamenijazia inboksi malalamiko ya aina moja. Mtu kajichanga, kanunua keisi ndogo inayokaa hata pembeni ya televisheni, kafunga vifaa mwenyewe, kawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Kesho yake yuko dukani anagombana na aliyemuuzia kadi ya grafiki. "Dada, nimepigwa, kadi mbovu." Kadi nzima kabisa. Ichomeke moja kwa moja kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, uone inavyowaka.

Mkorofi ni raiza, ule utepe wa waya unaoiunganisha kadi na mazabodi katika keisi ambazo viwili hivyo vinakaa mgongo kwa mgongo. Kwa hiyo leo rangi na mataa sigusi, na habari za upitishaji hewa mtazisoma kwingine. Nazipanga keisi kwa raiza.

PCIe, yaani njia ambayo kadi na mazabodi vinawasiliana, ina vizazi, na kila kizazi kasi yake ni kama mara mbili ya kilichotangulia. Kadi na mazabodi vikikubaliana kwenda kizazi cha 4 huku raiza ikiwa ya kizazi cha 3, kompyuta ama haionyeshi kitu, ama inakubali kuwaka halafu inajizima katikati ya gemu. Sasa kadi za RTX 50 za Nvidia zimekuja na kizazi cha 5, na raiza nyingi zinazouzwa pamoja na keisi bado ni za 4. Balaa limeanza upya.

Dawa ipo: ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mazabodi, ondoa "Auto" kwenye PCIe, weka Gen 3 au Gen 4 (yaani kizazi cha 3 au cha 4) kulingana na raiza yako. Ila utaingiaje BIOS na skrini nyeusi? Bila kufumua keisi, lazima prosesa iwe na grafiki yake ya ndani, uchomeke HDMI kwenye mazabodi. Kwa prosesa za AMD, Ryzen 5 7600 inayo. Ryzen 5 7500F haina, Ryzen 5 5600 haina, na Core za Intel zinazoishia na herufi F hazina. Wauzaji hawakwambii hili, na ndio hao hao wanaokusukumia F kwa kuwa "ni ile ile, ila bei poa". Kwa keisi ya raiza si ile ile hata kidogo. Na kama kadi yako ni RTX 4060 au RX 7600, jua kwamba hizo zinatumia vijia 8 vya PCIe badala ya 16, hivyo kuzishusha Gen 3 kunaziuma zaidi kuliko kadi kubwa.

Namba moja ni Cooler Master NR200. Naipendelea waziwazi, anayebisha abishe. Ina ujazo wa lita 18 na ushee, na kadi inachomekwa kwenye mazabodi kama kompyuta yoyote ya mezani. Hakuna raiza, hakuna kesi. Inameza kadi ya urefu wa hadi milimita 330 na feni ya prosesa ya kimo cha hadi milimita 155, kwa hiyo unafunga feni ya mnara ya kawaida badala ya kuhangaika na zile bapa. Pawa saplai iwe SFX, ile ndogo. Mashabiki wa keisi ndogo wanaicheka kwamba ni kubwa. Wacheke, sisi tunacheza gemu. Chukua yenye paneli za matundu pande zote, ya kioo waachie wapiga picha.

Ya pili ni Fractal Terra. Ilitoka 2023 kwa dola 180 kule Marekani, lita 10.4, na ubao wa mbao mbele unaovutia kweli. Raiza yake ni ya kizazi cha 4. Ukuta wa kati unasogea: ukiipa kadi nafasi yote, feni ya prosesa inabakiwa na milimita 48, ukiibana kadi, feni inapata hadi 77. Pima unene wa kadi kabla ya kununua feni. Ukiwa na RTX 50, weka Gen 4 kwanza ndipo ufunge kadi.

Ya tatu, SSUPD Meshlicious. Keisi nzuri, tatizo ilianza kuuzwa na raiza ya kizazi cha 3, baadaye ikaja yenye ya 4, kwa jina lile lile. Soma lebo ya boksi. Muuzaji akikujibu "zote sawa tu", aga uondoke.

Kwenye mtumba utakutana na NZXT H1 ya mwanzo. Februari 2021 iliondolewa sokoni kwa sababu skrubu zinazoshika raiza zingeweza kusababisha shoti na moto. Kama mwenye nayo hawezi kukuonyesha raiza mpya, achana nayo.

Zile za bei chee zisizo na jina: nunua isiyo na raiza. Basi.

Ukishafunga, fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi ya grafiki, bonyeza alama ya kuuliza pembeni ya "Bus Interface" na uanzishe jaribio, maana kadi ikipumzika inashusha kasi yenyewe na utasoma namba ya uongo. Halafu pitia Event Viewer, daftari la matukio la Windows: ukiona WHEA-Logger namba 17, yaani hitilafu za PCIe, imejipanga foleni, raiza inalegalega hata kama skrini inawaka.

Bei za hapa nyumbani sitaji, kwa sababu hazitajwi. Kila tangazo ni "bei njoo DM", na ukifika DM unaulizwa kwanza uko wapi. Ukiamua kuagiza mwenyewe unakutana na ajenti wa mizigo ya ndege anayepima boksi kwa ukubwa, si kwa uzito. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30, ukizizidisha kisha ukagawa kwa 5,000 unalipia kilo 12. Ukigawa kwa 6,000 unalipia 10, hata kama kwenye mizani ni 8. Wa kwangu nilipomuuliza anagawa kwa ngapi alinijibu, "Dada, we lipia tu, mzigo ushafika." Ulizeni kabla hamjatuma hela, na jibu lije kwa maandishi.