Uzoefu wangu: saa ya kupimia iliyokuwa inakwama, na kilichoifungua

Hii ni saa ya kupimia, dayo geji kama tunavyoiita karakana, ya aina ya kawaida kabisa: kifaa chenye uso kama wa saa, ambacho kijiti chake chenye ncha kikisukumwa ndani ya shina, mshale unaonyesha kimesogea kiasi gani. Safari yake ni milimita 10 na uso una mistari 100. Mshale mkubwa ukizunguka mara moja ni milimita 1, kwa hiyo kila mstari ni milimita 0.01. Pembeni kuna mshale mdogo wa kuhesabu mizunguko. Shina lina kipenyo cha milimita 8, linaingia kwenye stendi ya sumaku bila kutafutiwa bushi. Niliinunua Kariakoo, haina jina kubwa, lakini kwa kazi zetu za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, yaani shafti za pampu, puli na nyumba za beringi, naisifu kwa moyo mweupe. Naisifu hata baada ya kunisumbua.

Inapong'ara zaidi ni kwenye kuweka chuma senta katika chaki ya taya nne, yaani kishikio cha mashine ya kukereza. Unagusisha ncha, unaibonyeza kwanza kiasi cha mzunguko mmoja ili iwe na nafasi ya kwenda juu na chini, unageuza pete ya nje mpaka sifuri ikae chini ya mshale, halafu unazungusha chaki kwa mkono. Mshale ukitembea jumla ya mistari 40, chuma kiko nje ya senta kwa nusu yake tu, milimita 0.20. Unalegeza taya ya upande mmoja, unakaza ya upande wa pili, unarudia. Ukishazoea, kazi hii inakwenda haraka kuliko kukisia kwa chaki ya kuandikia na macho.

Sasa tatizo. Tulikuwa na shafti ya pampu ya maji, kiti cha beringi kimeliwa, tumekijaza kwa kuchomelea na tunataka kukikereza upya. Saa ikaonyesha tofauti ya mistari miwili, jambo la kufurahisha. Kabla ya kuwasha mashine nikaigonga saa kwa kucha ya kidole, taratibu. Mshale ukaruka mistari sita kwa mara moja.

Naomba mafundi wenzangu mlitazame hili kwa makini, maana ndilo linaloharibu kazi za watu bila wao kujua. Saa inayokwama haidanganyi pande zote sawasawa. Chuma kikiwa kinapanda, kinasukuma kijiti cha saa kwa nguvu, kwa hiyo mshale unakwenda vizuri tu. Chuma kikishuka, kijiti kinategemea springi yake ndogo kukirudisha, na springi hiyo ni dhaifu kwa makusudi, isije ikakandamiza kinachopimwa. Kukiwa na uchafu kidogo, kijiti kinabaki juu, hakifuati chuma chini. Unasoma tofauti ndogo kuliko iliyopo na kuamini umeshaweka senta. Shafti inakwenda kwa mteja, beringi inachemka, sili inavuja, na lawama anabebeshwa aliyeuza beringi.

Nilianza na lililo rahisi kuliko yote: kulegeza skrubu ya stendi inayobana shina. Ukuta wa shina ni mwembamba, na ukibanwa kupita kiasi unakiminya kijiti kilicho ndani. Saa nyingi zinazosemekana zimekufa hufufuka hapo hapo. Yangu haikufufuka.

Nikaitoa kwenye stendi, nikaishika wima, ncha ikitazama chini, nikabonyeza kwa kidole polepole na kuachia polepole. Hapa ndipo saa inapokueleza ugonjwa wake. Ikikwama mshale unapofika mstari uleule katika kila mzunguko, shuku gia ya katikati, au mshale wenyewe unaokwaruza uso au kioo. Ikikwama kwenye kina kimoja tu cha safari nzima, shuku jino la kijiti au kijiti kilichopinda. Ikirudi kwa uvivu safari yote, hiyo ni gundi ya mafuta kwenye kijiti na shina. Yangu ilikuwa mvivu mwanzo mpaka mwisho, na kijiti chenyewe kilikuwa na rangi ya kahawia iliyonata kidoleni.

Mafuta hayo yalitoka wapi? Karibu kila karakana saa ikianza kuwa nzito mtu huchukua chupa ya mafuta ya cherehani na kudondoshea tone moja kwenye kijiti. Kwa wiki ya kwanza inateleza vizuri mno. Kisha vumbi la chuma cha kutupwa na unga wa jiwe la kunolea vinagandamana na yale mafuta, na kila kijiti kinapoingia ndani kinavuta ule mchanganyiko. Kijiti cha saa hizi kimekusudiwa kufanya kazi kikiwa kikavu. Nalisema hili kwa msisitizo wote nilio nao: msikiwekee mafuta, wala grisi, wala dawa ya kupuliza.

Dawa yake ni spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Nilivuta kijiti juu kwa kofia yake, nikapangusa, nikakishusha na kupangusa upande wa chini, nikarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikamalizia kwa kitambaa kikavu. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, niliiweka mbali, maana kioo cha saa hizi mara nyingi ni plastiki na tina hukifanya kiwe na ukungu moja kwa moja.

Nilifungua pia mfuniko wa nyuma, skrubu nne ndogo, kuangalia kama uchafu umefika kwenye gia. Ukiona ndani yake utaiheshimu: meno ya kijiti yanazungusha gia ndogo, nayo inaongeza mwendo mpaka kwenye mshale, na pembeni kuna springi bapa, nyembamba kama unywele, inayoondoa ulegevu kati ya meno. Si ajabu kwamba John Logan, aliyeomba hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1883, alikuwa mtu wa Waltham, Massachusetts, mji wa Marekani uliosifika kwa saa za mfukoni. Springi hiyo msiiguse. Ndani kwangu kulikuwa kusafi, nikafunga.

Kuhakiki hakuhitaji maabara. Niliiweka juu ya bamba lililosawazishwa, nikainua ncha na kuiachia tena na tena, na mshale ukarudi mstari uleule. Kisha nikapitisha fila geji, kile kibati chembamba cha unene unaojulikana, ya milimita 0.10 chini ya ncha, imelala vizuri bila kujikunja, na mshale ukapanda mistari kumi. Shafti ikawekwa senta upya, ikakerezwa, na beringi ikaingia inavyotakiwa.

Tangu hapo haijakwama. Inapanguswa kila jioni na inalala kwenye kisanduku chake, si kwenye droo ya patasi. Kijana wa chuo cha ufundi cha VETA aliyeko kwetu kwa mafunzo nimemzoesha kuigonga kidogo kwa kucha kabla ya kusoma, na kuhakikisha ncha imesimama wima juu ya chuma. Ikiinama, mbali na kusoma vibaya, chuma kinasukuma kijiti kiubavu na kukikwaruza.

Kama unataka kununua ya bei hii, usiridhike na kuiona inang'aa kwenye boksi. Mwombe muuzaji uijaribu pale pale dukani: sukuma kijiti kwa kucha polepole sana, achia polepole sana, kisha kitikise pembeni. Kikicheza ndani ya shina au mshale ukisita njiani, irudishe uombe nyingine. Angalia pia kama mfuniko wa nyuma umefungwa kwa skrubu. Ule uliobanwa bila skrubu utakusumbua siku ya kusafisha.