Albamu nilizosikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo

Kwa miaka mingi nimesikiliza muziki kwa kudokoa: wimbo mmoja wa huyu, mwingine wa yule, na kitufe cha kuchanganya nyimbo kimewashwa muda wote. Miezi hii ya karibuni nimejiwekea sharti. Nikiifungua albamu, naisikiliza yote, kwa mpangilio aliouweka msanii mwenyewe, simu nikiwa nimeilaza kifudifudi. Nimeanza na zile kongwe ambazo kila mtu anazisifu, nione kama sifa ni za kweli.

Iliyonishika kuliko zote ni What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971. Wimbo wake wa kwanza nilikuwa naujua kwa moyo, nikadhani basi albamu yote naijua. Sikuwa naijua hata kidogo. Inafunguka kwa sauti za watu wanaosalimiana kwa furaha, kama wamekutana karamuni, halafu saksafoni inaingia juu yao. Kabla hujatulia wimbo huo umeshapokelewa na wa pili, wa kijana aliyetoka vitani anayeuliza habari za nyumbani na kulalamika kwamba kazi hazipatikani. Frankie, mdogo wake Marvin, alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam, na simulizi zake ndizo zilizomchoma kaka mtu. Ukiusikiliza wimbo huu wa pili peke yake unaweza kuupita tu. Ukija mgongoni mwa wa kwanza, unaelewa kwamba salamu zile za mwanzo zilikuwa za kumpokea mtu, na kwamba huyu aliyepokelewa hana raha.

Nyimbo ni 9, dakika kama 35 tu. Wa mwisho unaeleza ugumu wa maisha ya mjini, na unapokaribia kuisha, mdundo unalegea na Marvin anarudi kwenye maneno ya wimbo ule wa kwanza, ya kumwita mama, sasa polepole na kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nilisisimka mwili. Huwezi kulipata jambo hilo kama hukuanzia mwanzo, kwa sababu hutajua anarudi wapi.

Hapa nitoe tahadhari. Mara ya kwanza programu ninayotumia iliniharibia kabisa, maana ilikuwa inaweka kimya kidogo kati ya wimbo na wimbo. Kimya cha nusu sekunde tu, lakini katika albamu iliyoungwa namna hii ni kama mtu anayekukatiza kila unapotaka kumaliza sentensi. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kucheza nyimbo bila pengo, uiwashe, na ile ya kuchanganya uizime. Nilipofanya hivyo nikasikia kitu kingine kabisa.

Exodus ya Bob Marley and the Wailers, ya 1977, ilinifundisha kuheshimu pande za santuri. Desemba 1976 Marley alipigwa risasi nyumbani kwake Kingston, akanusurika, kisha akaenda London, na huko ndiko alikoifanyia kazi albamu hii. Wimbo wa kwanza unaanza kwa sauti ndogo sana, unakua taratibu kana kwamba bendi inakuja kwa miguu kutoka mbali. Usiongeze sauti! Mimi niliongeza, na besi ilipofika nikaruka kitini. Nyimbo 5 za upande A ni za imani na mapambano, zikifungwa na ule mrefu wenye jina la albamu. Upande B unageuka: kucheza, mapenzi, kufarijiana. Zamani msikilizaji aliinuka akageuza santuri, na mapumziko hayo mafupi yalikuwa sehemu ya muziki. Kwenye simu mapumziko hayapo, kwa hiyo sasa baada ya wimbo wa tano nasimamisha mwenyewe, nanywa maji, ndipo naendelea. Nimejaribu kwa njia zote mbili, na kwa kweli kusimama kunafaa zaidi. Bila hivyo, furaha ya upande wa pili inakuja kabla hujaumaliza uzito wa upande wa kwanza.

Kind of Blue ya Miles Davis sikuitegemea sana, kwa kuwa jazi hunichosha upesi. Vipande ni 5 tu, vilirekodiwa New York kwa siku 2 za mwaka 1959, na wanamuziki waliingia studio wakiwa na michoro michache ya kuwaongoza. Sikiliza kipande cha kwanza hadi dakika moja na nusu hivi: tarumbeta inapoanza kusema peke yake, mpiga ngoma Jimmy Cobb anaupiga upatu, na mlio wake unaachwa utande mpaka ufe wenyewe. Nimeurudia mara nyingi hapo. Jambo moja la kuangalia: kwa zaidi ya miaka 30 upande A ulitolewa ukiwa na kasi iliyozidi kidogo, kwa kosa la mashine ya kurekodia, hadi toleo la 1992 liliporekebisha. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua lililorekebishwa. Nimeyasikiliza matoleo yote mawili, na hili linapumua vizuri zaidi.

Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, ya 1976, naipenda mno, ila kwa kikao kimoja imenishinda mara mbili. Ilitoka kwa santuri 2 kubwa na moja ndogo ya nyongeza, nyimbo 21 kwa jumla, zaidi ya saa moja na nusu. Siku hizi naigawa: santuri ya kwanza jioni moja, ya pili jioni inayofuata, na zile 4 za nyongeza naziweka za asubuhi.