Perseus Digital Library mikononi mwa mshauri nasaha: kisa cha Hephaestus

Washauri nasaha wanaotumia visasili vya Kigiriki kwa watu waliokataliwa utotoni mara nyingi huanzia kwenye muhtasari: Hera, malkia wa miungu, alimzaa Hephaestus akiwa na kasoro ya mguu, akamtupa kutoka Olympus, mlima wa miungu, mtoto akakua akawa mhunzi hodari wa miungu. Basi. Muhtasari wa namna hiyo umeshaondoa yale ambayo mteja angejiona ndani yake, yaani hasira, kisasi, miaka ya kujificha, na mama anayesema kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini alifanya alichofanya. Hayo yamo katika maandishi ya kale, na Perseus, maktaba ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani, inayatoa bure.

Kazi ya kuijenga maktaba hii ilianza miaka ya 1980, na sura yake bado ina uzee fulani. Usikate tamaa. Juu ya ukurasa kuna kisanduku cha kutafutia ambacho huelewa marejeo mafupi: andika Hom. Il. 18.394 na utafika kitabu cha 18 cha Iliad, utenzi wa Homer, karibu kabisa na mstari unaoutaka. Pembeni kuna tafsiri ya Kiingereza ya kusoma sambamba na Kigiriki. Maandishi yamekatwa vipande vipande, hivyo simulizi huweza kuishia katikati; bonyeza mshale wa kwenda mbele kabla hujadhani umemaliza. Tafsiri nayo ni ya nathari, kwa hiyo namba za mistari hukaribia tu zile za Kigiriki. Ukimpa mwenzako rejeo, mpe mistari mitano ya ziada kila upande.

Kwa Hephaestus unahitaji sehemu nne, na mpangilio wake una maana. Anza na kitabu cha 18, mistari ya 368 hadi 427. Thetis, mungu wa kike wa bahari, anafika nyumbani kwa mhunzi na kumkuta anatoka jasho, akizunguka kwenye mivuo, anatengeneza meza ishirini za miguu mitatu zenye magurudumu ya dhahabu. Akisikia nani amekuja, anasimulia: mama yake alitaka kumficha kwa sababu ya ulemavu, akaanguka mbali, na Thetis na mwenzake Eurynome wakampokea. Kwa miaka tisa aliishi pangoni akiwafulia bizimu, bangili na mikufu, huku mto wa Oceanus ukivuma pande zote, na hakuna mungu wala mtu aliyejua alipo ila hao wawili. Kisha anajipangusa kwa sponji uso, mikono, shingo na kifua, anaweka zana zake kwenye sanduku la fedha, anashika fimbo na kutoka akichechemea kumlaki mgeni.

Sehemu hii ndiyo ya kuanzia kwa sababu inamwonyesha mlezi mbadala kabla ya kumwonyesha mama. Mteja anayeulizwa kwanza "nani alikutupa?" hufunga mdomo au hufurika. Anayeulizwa "nani alikuwa Thetis wako?" hupata mahali pa kusimama. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyechunguza watoto 28 wa familia 26 katika vijiji karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliona watoto wakimtumia mama kama kituo: wanatambaa kwenda kuchungulia dunia, kisha wanarudi. Pango la miaka tisa linafanya kazi hiyohiyo. Hephaestus anaanza kufua vitu vizuri pale tu anapokuwa na watu wa kumrudia.

Sehemu ya pili ni kitabu cha 1, mistari ya 571 hadi 600, na kwa maoni yetu ndiyo iliyopuuzwa kuliko zote. Zeus, mfalme wa miungu, na mkewe Hera wanagombana mezani. Anayesimama kutuliza ni Hephaestus: anampa mama yake kikombe, anamsihi anyenyekee, anamkumbusha kwamba siku moja alipojaribu kumtetea, Zeus alimshika mguu akamrusha, akaanguka mchana kutwa hadi machweo, akatua kisiwa cha Lemnos. Hera anatabasamu. Miungu wote wanaangua kicheko wakimwona akihangaika ukumbini kugawa kinywaji. Ndiye yule mtoto aliyetupwa, sasa ni msuluhishi wa wazazi na kichekesho cha familia. Watu wazima wengi waliokataliwa wanaijua nafasi hiyo vizuri mno, ila hawajawahi kuiona ikiandikwa.

Utagundua pia kwamba hapa aliyetupa ni Zeus, na kule ni Hera. Vitabu vingi vya kisasa huchagua toleo moja au huyaunganisha kimyakimya. Perseus inakuachia mgongano huo mezani, na huo ni utajiri: kumbukumbu za utotoni nazo hugongana, na mteja hahitaji kuamua leo lipi ni sahihi ili maumivu yake yahesabiwe.

Sehemu ya tatu ni utenzi wa kale kwa mungu Apollo (Homeric Hymn to Apollo), mistari ya 311 hadi 330. Huu utafute kupitia orodha ya maandishi ya Kigiriki na Kirumi, si kwenye kisanduku. Hapa Hera mwenyewe anazungumza: mwanangu alikuwa dhaifu, mguu umesinyaa, aibu kwangu, nikamshika kwa mikono yangu nikamtupa baharini. Anayasema hayo akilalamika kwamba Zeus amemzaa mungu wa kike Athena bila yeye. Yaani aliyeaibishwa anamwaibisha mtoto. Usiitoe sehemu hii mapema. Ikisomwa kikao cha kwanza, mteja huanza kumtetea mama kabla hajaomboleza, na kazi yote hukwama hapo.

Ya mwisho ni fupi, Paus. 1.20.3. Pausanias, msafiri wa Kigiriki aliyeandika karne ya 2 baada ya Kristo, anasimulia kuwa Hephaestus alimpelekea mama yake kiti cha dhahabu chenye pingu zisizoonekana. Hera alikaa, akanaswa. Mwana hakumsikiliza mungu yeyote isipokuwa Dionysus, mungu wa divai, aliyemlewesha na kumrudisha mbinguni. Hakuna palipotajwa msamaha wala kuombwa radhi. Mshauri asiongeze. Swali zuri hapa ni: kiti hicho kwako kingekuwa nini? Mpe mteja dakika 15 hadi 20 za kuandika bila kujali tahajia. Pumzi ikianza kwenda mbio au macho yakipotea, acha kisa, mwombe ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, na msirudi kwenye maandishi siku hiyo. Kwa mteja aliyetoka kwenye ulevi, ruka sehemu hii kabisa.

Kasoro za huduma? Hakuna Kiswahili. Tafsiri ya Iliad ni ya A. T. Murray ya mwaka 1924, ile ya utenzi ni ya Evelyn-White ya mwaka 1914, zote kwa Kiingereza cha kikongwe ambacho kinamchosha hata anayekijua. Itakubidi utafsiri mwenyewe, na usitafsiri papo hapo kikaoni. Utateleza kwenye neno la ulemavu na kumjeruhi mtu. Ukurasa umetengenezwa kwa kioo cha kompyuta, kwenye simu safu zake zinabanana. Pia hakuna maelezo yoyote ya kisaikolojia, na afadhali iwe hivyo. Kwa wateja wanaokwazika na neno "miungu", ita tu hadithi ya kale na uendelee. Mwislamu au Mkristo aliyekulia kwenye ngano hapotei hapo.

Tunaipa nyota nne kati ya tano kwa mshauri aliyefunzwa, mbili kwa mtu anayetaka kujitibu peke yake. Huyo wa pili atakisoma kisa saa nne usiku akiwa hana wa kumpigia.

Maandishi mengi yako chini ya leseni ya Creative Commons, hivyo unaruhusiwa kuyachapa na kuyatafsiri. Angalia leseni chini ya kila ukurasa, taja Perseus kwenye karatasi yako, na chapa kila sehemu kwenye karatasi yake ili mteja asifike kwa Hera kabla ya wakati.