Tahadhari wenye magari Malindi na Watamu: "seramiki ya miaka mitatu" ni mafuta ya taa

Nyie wenye magari Malindi, Watamu, Mambrui mpaka Marereni, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Kuna jamaa anazunguka na Probox iliyojaa chupa nyuma. Hutandika meza ya kukunja kivulini, penye teksi nyingi au nje ya msikiti watu wakitoka kuswali Ijumaa, na huuza dawa ya kung'arisha na kulinda rangi ya gari, anayoiita seramiki ya miaka mitatu. Mimi nimeliwa 7,000 kwa magari mawili, langu na la shemeji yangu, na hiyo ni bei ya dawa tu. Gharama ya kurekebisha alichoharibu bado naihesabu. Jina simtaji kwa sababu alinipa majina mawili, na sidhani hata moja ni lake.

Nina Noah nyeusi. Najua, najua: gari jeusi Malindi ni kujitakia adhabu. Jua likichoka upepo unaleta chumvi, upepo ukitulia kunguru wanachukua zamu. Unaegesha chini ya mkwaju, ukirudi unakuta boneti imeandikwa barua nzima. Lakini ndilo gari la kazi. Nachukua wageni uwanja wa ndege kuwapeleka mahoteli ya Casuarina na Silversands, na mgeni hulitazama gari kabla hajamtazama dereva. Kwa hiyo jambo la gari kung'aa kwangu si urembo, ni unga wa watoto. Ndiyo maana alinipata kirahisi.

Nimetoka kuswali, nasikia nyuma yangu, "Ami, gari zuri hivi mbona unaliacha life?" Ukiambiwa hivyo utaacha kugeuka?

Akanionyesha mambo matatu kwenye boneti ya gari lake mwenyewe. Kwanza akamimina petroli kama kijiko kimoja, akawasha kiberiti. Moto ukaruka, watu wakarudi nyuma. Akauacha kidogo, akaufunika kwa kitambaa kibichi, akapangusa, rangi haina hata doa. Pili akachora kwa kalamu ya wino ule usiofutika, akaunyunyizia dawa yake, wino ukatoka. Tatu akamwaga maji, yakasimama vidonge vidonge na kubingirika kama juu ya jani la yungiyungi. Watu wakasema mashallah. Bei yake ni 9,000, akatwambia, ila leo kwa baraka za Ijumaa ni 3,500, na zimebaki seti sita tu.

Baada ya mimi kununua mbili zilikuwa bado sita. Nililiona hilo kwa macho yangu na nikanyamaza nalo.

Kila seti ina chupa tatu: ya rangi, ya dashibodi na siti, na ya taa za mbele. Kijana wake akanipakia papo hapo, bure, dakika kumi na tano gari limekwisha. Hakuliosha kwanza. Boneti ilikuwa ya moto haishikiki. Kitambaa kilikuwa kimoja, kilianzia kwenye rimu kikapanda milangoni kikaishia boneti, na mchanga wake wote. Nilipolipa kwa M-Pesa kwa namba ya simu, si Till (namba ya malipo ya biashara), likaja jina la mwanamke ambalo halikufanana na lililoandikwa kwenye kadi ya dhamana. Nikauliza. Akasema ni mkewe, ndiye mhasibu. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Siku mbili za kwanza, niseme kweli, gari liling'aa hata nikajipiga picha nalo. Siku ya tatu vumbi likaanza kuganda kama limepakwa asali. Nikaliosha, mng'ao wote ukaondoka na povu, na chini yake nikaona nisichokuwa nacho zamani: mikwaruzo ya duara, kama utando wa buibui, boneti nzima. Taa zilizokuwa nyeupe kama kioo kipya zikaingia ukungu wa manjano, mbaya kuliko zilivyokuwa. Ndani, dashibodi ikawa inanata, na mgeni mmoja mama mtu mzima akaniomba nifungue madirisha yote kwa sababu ya harufu.

Hayo yote ningeyasamehe. Lisilosameheka ni hili. Yule kijana alinyunyizia dawa ya dashibodi kila kitu cheusi alichokiona ndani: usukani, mpira wa pedali za breki, mpaka gia. Kesho yake alasiri nateremka kwenda Mombasa, jua liko mbele, na dashibodi inang'aa hata inarudisha mwanga wote kwenye kioo. Naona dashibodi yangu kiooni, barabara siioni. Nafika njia panda ya Gede, tuktuk inaingia, nakanyaga breki, kiatu kinateleza kinakwenda pembeni. Nilishika breki mara ya pili, gari likasimama, tumebakiza kama mkono mmoja. Yule wa tuktuk alinitukana matusi ambayo yote nilistahili. Nikashuka nikachukua mchanga wa kando ya barabara nikasugulia pedali.

Kama na wewe umepakiwa, usisubiri umalize kusoma. Nenda ukaoshe pedali na usukani kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, halafu urudi.

Nilipeleka gari kwa fundi mmoja wa rangi, mzee aliyepaka magari tangu wakati wa Peugeot 504. Hakuligusa. Alifungua ile chupa ya "seramiki", akanusa, akanipa ninuse. Mafuta ya taa, yamechanganywa na kitu kinachoteleza, yametiwa marashi ya ndimu. Akamwaga kidogo kitambaani, kikabaki na unga mweupe ambao ukiusaga vidoleni unahisi punje, kama ile sabuni ya kusugulia sufuria. Hiyo ndiyo iliyokwaruza.

Halafu akaniambia, "Mwanangu, njoo nikuchezee sinema yako." Ana mlango wa Corolla kuukuu umelala nje miaka, haujapakwa kitu. Akaumwagia petroli kidogo, akawasha, akaufunika. Rangi haikufanya kitu. Kinachowaka ni mvuke wa petroli juu, wala si rangi, na bati lililo chini linalinyonya joto likalisambaza. Sekunde chache hazitoshi kuunguza. (Msijaribu nyumbani, mzee alikuwa na ndoo ya mchanga pembeni.) Akachora kwa kalamu ile ile, akafuta kwa tamba lenye petroli, wino ukatoka. Akapaka mafuta ya kupikia ya mkewe, akamwaga maji. Vidonge! Maji hayapendi mafuta, basi, hata ukipaka samli yatasimama vile vile. Mambo yote matatu niliyolipia 7,000, nimeyaona bure kwenye mlango ulioliwa na kutu.

Kwenye chupa ya taa za mbele nilishajua kabla hajasema, maana harufu ile tunalala nayo kila siku huku pwani: ni mafuta ya mbu. Mengi yana kemikali ya DEET, na kioo cha taa za kisasa si kioo, ni plastiki ya polikaboneti. DEET inaiyeyusha juu juu, ukungu unafutika, unaona maajabu. Inapokauka plastiki inabaki imejeruhiwa, tena ule utando wa kiwandani wa kuzuia jua umeondoka, na jua la hapa halina mswalie Mtume. Njia ya kweli ni kusugua kwa msasa wa maji, kuanzia 800 au 1000 kupanda hadi 3000, kisha polishi, kisha kupaka klia (ile rangi angavu ya juu) yenye kinga ya jua. Ukiruka hiyo ya mwisho utarudi baada ya miezi michache.

Sasa ile seramiki yenyewe ipo, si uongo. Ni dawa ya silika inayoshikana na rangi na kuwa ngumu. Lakini mzee alinihesabia kazi yake: gari linaoshwa, linapitishwa udongo maalumu wa kuvuta uchafu ulionasa rangini, linapigwa polishi kwa mashine, linapanguswa kwa spiriti ili mafuta yote yatoke, ndipo dawa inapakwa kipande kwa kipande kivulini, na baada ya hapo halioshwi kama wiki nzima lipate kukauka vizuri. Ni kazi ya siku nzima, mara nyingine mbili. Anayekwambia dakika kumi na tano juani anakuuzia kitu kingine.

Na kwa wengi wetu seramiki wala si lazima. Nta ya kawaida inatosha. Ile iitwayo karnauba inatokana na majani ya mnazi wa Brazili (si mnazi hasa, ni jamii ya mitende), inang'arisha gari jeusi vizuri sana, ila kwa jua letu usitarajie ikae zaidi ya miezi miwili. Zile za kutengenezwa kiwandani, wenyewe huziita silanti, hazina mng'ao mtamu hivyo lakini huvumilia zaidi. Mimi nimerudi kwenye silanti. Mkioshesha gari, waambieni vijana wasitumie sabuni ya unga ya nguo, inaondoa nta yote kwa siku moja. Na maji ya kisima ya hapa yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa. Yakikaukia juu ya boneti yanaacha madoa meupe magumu. Nawe hata ukioshea ya bomba, ya Baricho, futa kabla hayajakauka.

Polishi ndiyo watu hawaielewi. Nta inaongeza kitu juu ya rangi, polishi inapunguza. Klia ya kiwandani ni nyembamba kuliko unywele wako, na kila ukiisugua kwa dawa yenye punje unaila kidogo. Kwa hiyo kabla ya kununua, tia tone baina ya vidole usage. Ukihisi mchanga, rudisha.

Ya ndani, tafuta iliyoandikwa kuwa msingi wake ni maji, na isiyong'arisha, inayoacha dashibodi kavu na rangi yake ya asili. Yenye kunuka petroli inakausha plastiki na baadaye inapasuka. Siti za ngozi zina dawa yake mbali, na siti za vitambaa hazitaki mafuta yoyote. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya siti. Na kadibodi ya kuzibia kioo ukiegesha inaokoa dashibodi kuliko chupa yoyote niliyowahi kununua.

Kuhusu chupa zake: zina alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nzuri tu, lakini chini yake hapana namba. Ya kweli hufuatana na namba ya kibali. Unaandika SM# ukifuatisha na namba ile, unatuma kwa 20023, unaletewa jina la bidhaa na la mwenye kibali. Inachukua muda mfupi kuliko hotuba yake. Pia hazina tarehe, hazina anwani ya mtengenezaji, na lebo ya chupa ya dashibodi na ya taa ni ile ile, rangi ya kofia tu ndiyo tofauti. Haya yote nimeyaona nyumbani, pesa zimekwisha kwenda.

Nilijaribu kuzirudisha hizo pesa. Nikapeleka ujumbe wa malipo kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba kurudishiwa pesa, jibu likaja kwamba pesa zimeshatolewa. Namba ya kwenye kadi ya dhamana inaita, ikipokelewa ni mtoto. Nimeandikisha polisi, nina namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na afisa aliniuliza kama kuna wengine, maana Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, lakini mlalamikaji mmoja mwenye chupa mbili ni kesi nyepesi.

Kwa hiyo kama umenunua, usimwage. Iache chupa na lebo yake, weka ule ujumbe wa M-Pesa, piga picha boneti na taa, kisha niandikie ndani tupange siku twende pamoja. Mara ya mwisho ameonekana Jumapili, njia ya kuingilia Watamu, na bei ameshusha hadi 2,500. Zimebaki seti sita.