Stardew Valley: Shamba Lililojengwa na Mtu Mmoja

Eric Barone, Mmarekani anayetumia jina la ConcernedApe, alifanya kazi peke yake kwa zaidi ya miaka minne, akiandika programu, akichora picha na kutunga muziki wote, kabla ya kuutoa mchezo huu wa video, Stardew Valley, Februari 2016. Mchezaji hurithi shamba la babu yake lililojaa magugu, na katika kila msimu wa siku 28 hulazimika kuamua apande nini, amwagilie kiasi gani kabla ya nguvu kumwishia, na ampelekee nani zawadi kijijini. Uvuvi ni mgumu mno kwa anayeanza. Mengine yote yamepimwa kwa uangalifu wa kupendeza.

Ninachokithamini zaidi ni msimamo wake. Wakati kampuni nyingi huuza mchezo kisha zikadai malipo kwa kila pambo, Barone ameapa kutotoza chochote kwa nyongeza za mchezo huu, na toleo la 1.6, lililotangulia kwenye kompyuta Machi 2024 likiwa na shamba jipya na sherehe mpya, lilitolewa bure. Mradi wake unaofuata, Haunted Chocolatier, ulitangazwa 2021, nami ningependa achukue muda wote anaouhitaji.