Udongo wa epoksi kwa vifaa vya askari wa kipimo cha 1/35: uzoefu wangu wa miezi minane

Kwa miezi minane nimetumia udongo wa epoksi wa sehemu mbili, ule unaouzwa ukiwa vijiti viwili vinavyokandwa pamoja kwa kiasi sawa kisha mchanganyiko ukakauka na kuwa mgumu, kutengenezea chupa za maji, mablanketi, kofia na mizigo mingine ya sanamu ndogo za askari. Paketi yangu ya gramu 113 niliiagiza kutoka nje, na hadi inafika Dar es Salaam ilikuwa imenigharimu shilingi 40,000 hivi, karibu nusu yake ikiwa gharama ya usafirishaji. Chapa yake siitaji, kwa sababu sehemu ya malalamiko yangu huenda inamhusu aliyeihifadhi ghalani kuliko aliyeitengeneza.

Askari ninaowatengeneza ni wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari wa Afrika Mashariki, wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliopigana katika bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, mvua za monsuni zikiwa zimegeuza njia kuwa tope. Bunduki za Lee-Enfield na Bren hupatikana kwa urahisi katika maboksi ya sanamu za Waingereza. Kinachokosekana ni vile vitu vinavyomtambulisha askari wetu: kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja, panga kiunoni, na blanketi lililoviringishwa mgongoni. Hivyo hapana budi uvitengeneze mwenyewe, na hapo ndipo udongo huu unapoingia. Katika kipimo cha 1/35 mtu wa sentimita 175 hubaki na urefu wa sentimita 5 tu, na kosa la nusu milimita ni sawa na kumzidishia mkanda au kikombe karibu sentimita mbili. Jicho hulikamata mara moja, hata la mtu asiyejua lolote kuhusu sare za jeshi.

Chupa ya maji ndiyo iliyonishawishi kwamba fedha yangu haikupotea. Ile ya Waingereza ya wakati huo ilikuwa ya bati, yenye umbo la figo, ikiwa imevalishwa kitambaa kizito cha sufu na kuzibwa kwa kizibo cha gome. Nilikanda udongo wa ukubwa wa punje ya mchele, nikauacha nusu saa upoteze unato, kisha nikaukandamiza taratibu juu ya mpini wa brashi ili upande mmoja ubonyee kama unavyobonyea kwenye nyonga. Kwa ncha ya sindano iliyoloweshwa maji nikaugusagusa uso mzima hadi ukapata ule ukwaru wa sufu. Chupa nzima haifiki milimita 6, na baada ya kupakwa rangi ilionekana nzito, kana kwamba kweli ina maji ndani. Sehemu za plastiki za kwenye boksi hazijawahi kunipa hisia hiyo.

Mablanketi nayo hutoka vizuri sana. Unatandaza udongo juu ya kioo kilichopakwa poda, unaugandamiza kwa chupa hadi uwe mwembamba, unauviringisha, kisha unaubana kwa uzi mahali mikanda itakapopita.

Joto la pwani, hata hivyo, ni jambo ambalo maelezo ya paketi hayakulifikiria. Yanaahidi saa moja na zaidi ya kufanyia kazi, lakini siku moja ya Februari, umeme ukiwa umekatika na feni imesimama, udongo ulianza kunigomea kabla ya dakika 40, nikiwa katikati ya mkunjo wa kofia. Tangu hapo nakanda kidogo kidogo, alfajiri, na kinachosubiri nakiweka juu ya sahani iliyopozwa kwa barafu.

Vitu vyembamba ndivyo vilivyonishinda. Udongo huu ukikauka haupindi, unakatika. Mikanda niliyoikata kutoka humo ilivunjika yote nilipoizungusha mabegani, na ukingo wa kofia yangu ya kwanza ulikuwa mnene kama chapati. Ya pili niliiacha ikauke kabisa, kisha nikaukwangua ukingo kwa wembe hadi ukawa mwembamba pembeni tu, panapoonekana. Mikanda sasa naikata kutoka tepu ya karatasi na kuiimarisha kwa tone la supaglu, na bizimu nazikunja kwa waya mwembamba wa shaba wa nyaya za simu. Panga nalikata kwa mkasi kutoka kopo la soda, ambalo lina unene wa takriban milimita 0.1, ukizidisha mara 35 unapata milimita 3.5, karibu na unene wa panga la kweli, na udongo unabaki kwa ajili ya mpini pekee.

Anayeanza avae glavu tangu siku ya kwanza. Mimi niliona ni usumbufu, nikakanda kwa vidole vitupu kwa wiki tatu hadi ngozi katikati ya vidole ikaanza kuwasha na kupasuka, kwa maana epoksi ambayo haijakauka huweza kuuzoesha mwili mzio ambao hauondoki kirahisi. Msasa nao utumike ukiwa na maji, ili vumbi lisipande puani.

Lalamiko langu la mwisho ni kwamba kijiti kimoja kilinifikia kikiwa na gamba gumu, na chembe zake zikajitokeza kama mchanga kwenye uso wa kofia ya kwanza. Muuzaji alinishauri nilibandue gamba hilo na kutumia ubichi uliobaki ndani, ushauri ambao ulifaa, ingawa nilitupa karibu robo ya kijiti nilichokilipia. Hata hivyo nimenunua paketi ya pili kwa muuzaji mwingine. Nimeifungia ndani ya kopo lisilopitisha hewa, na nimeitengea kofia na mablanketi ya wapiga Bren wawili ambao bado wamesimama mezani vichwa wazi.