Rijksmuseum, Amsterdam: anzeni na mpishi wa Vermeer

Mkifika Rijksmuseum, makumbusho ya sanaa ya Amsterdam, msikimbilie kwanza ile picha kubwa ya Rembrandt wanayoikimbilia wote. Pandeni ghorofa ya pili, Ukumbi wa Heshima, mkaanze na mchoraji Johannes Vermeer. Picha yake ya mtumishi anayemimina maziwa ni ndogo, sentimita 45.5 kwa 41, na watu wakishaizunguka hamtaona kitu. Kateni tiketi mapema mtandaoni, mchague saa tatu asubuhi, milango inapofunguliwa. Walio chini ya miaka 18 hawalipi.

Nilikwenda na mama mdogo, aliyetoka Tanga kuja kunisalimia. Amepika majumbani mwa watu tangu msichana. Alisimama pale kimya mpaka nikadhani amechoka, kisha akasema, "Huyu kazi anaijua. Hebu mtazame mikono." Na kweli. Mikono ya gauni imekunjwa hadi karibu na kiwiko. Viganja vimeiva, vyekundu, na kuanzia kifundo kwenda juu ngozi ni nyeupe. Mkono mmoja umeshika jagi, wa pili unalibeba kwa chini. Maziwa yanashuka kwa mchirizi mwembamba, naye macho hayabandui.

Vermeer aliichora akiwa mjini Delft, Uholanzi, kati ya 1658 na 1660 hivi. Mwaka 2022 makumbusho yalitangaza kwamba, kwa kuipiga picha kwa mitambo, wameona chini ya rangi ubao wa kutundikia majagi nyuma ya kichwa cha mpishi, na kikapu cha kukaushia nguo kwa makaa. Vyote alivianza, akavifunika. Akabakiza ukuta mtupu wenye msumari na matundu yake, na mtu mmoja mbele yake. Juu kidogo ya mkono wa kulia kuna kitundu cha pini: hapo alifunga uzi wa kupimia mistari ya dirisha na meza, ndiyo maana jicho linavutwa kwenye maziwa hata ukilipeleka kwingine.

Lililonigusa zaidi ni aproni. Ile buluu ni ya lapis lazuli, jiwe la kutoka Afghanistan, miongoni mwa rangi ghali kupita zote enzi zile. Wachoraji wengi waliitunzia vazi la Bikira Maria. Yeye akampaka mtumishi wa jikoni.

Nyota tano. Mkimaliza hapo, tafuteni Mtaa Mdogo, picha yake nyingine humo humo: kuna mwanamke anashona mlangoni, na mwingine uchochoroni kainamia pipa.